Kasuku wa Mama Lorraine

Mama Lorraine hakuwa mtu wa ndege. Tuseme hivyo mapema, maana siku hizi watu wa mtaa wa Langas humsimulia kana kwamba alizaliwa na kasuku begani. Kuku aliwafuga kwa ajili ya mayai, kunguru aliwarushia mawe walipodonoa mboga zake, na hapo ndipo habari zake na ndege zilipoishia. Jina lake hasa ni Maximilla Namalwa, mjane wa Wangila. Huuza mrenda, sagaa na kunde katika kibanda kilicho mkabala na kinu cha kusaga unga, na ulimi wake unajulikana mpaka stendi. Ukimwambia mboga zake zimenyauka, atakuuliza kama wewe mwenyewe umejitazama kwenye kioo asubuhi hiyo. Lakini mtoto alikuwa naye mmoja tu, na kwa huyo mmoja ukali wote ulikwisha.

Yeye na Wangila walitoka Chwele wakiwa vijana, Wangila akitafuta kazi ya kiwandani, wakakaa Eldoret kama wanavyokaa wengi, kila mwaka wakisema mwakani tunarudi nyumbani. Wangila alirudi ndani ya jeneza, baada ya kuugua muda mrefu. Mkewe alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha kwa kijiko, akakonda kuliko mgonjwa mwenyewe. Anayetaka kumlaumu Lorraine kwa aliyoyafanya baadaye akumbuke kwamba aliyaona hayo yote akiwa msichana wa shule, akifanya kazi zake za nyumbani kwenye kona ya chumba hichohicho.

Lorraine alikua, akawa karani katika duka la pembejeo mjini, akapanga nyumba ndogo mtaa wa West Indies. Mama yake alimpigia simu kila jioni. Kasuku, Lorraine aliachiwa na mwenye duka, Marion, mama mmoja aliyehamia ng'ambo kwa wanawe na hakuweza kusafiri na ndege huyo. Lorraine alimpa jina la Karani, kwa sababu ndege huyo alizoea kusimama kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayekagua risiti. Mama yake alipomwona mara ya kwanza alisema, "Hii ni mboga au ni mapambo?" na hakumwuliza habari zake tena.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, Lorraine alianza kusema ana vidonda vya tumbo, na kuja Langas akawa hana nafasi. Kabla ya Pasaka jirani yake akampigia Mama Lorraine simu: njoo hospitali. Ilikuwa saratani ya koo la chakula, ugonjwa ambao watu wa pande hizi wanaujua kuliko wanavyotaka. Mvua za masika zilipokolea, walikuwa wameshamzika Chwele. Mama Lorraine aliona kwamba mwanawe amenyakuliwa ghafla, jinsi mwewe anavyonyakua kifaranga. Wakati watu wengine walipotamka lile neno la kufa, yeye alisema "ameenda". Hata kwa padri alisema ameenda.

Siku ya kuhamisha vitu West Indies alikuwa amenyolewa kichwa kama ilivyo desturi, na kitambaa cheusi kilikuwa kikimteleza kila alipoinama. Walikuwa watu watatu: yeye, shemeji yake Wakoli, aliyekuja na pikapu ya kuazima, na Apondi, yule jirani aliyepiga simu, msichana wa kutoka Siaya anayeuza katika duka la dawa. Apondi ndiye aliyemlinda kasuku muda wote wa msiba. Ndege alikuwa sebuleni katika kizimba cha chuma, mwili rangi ya jivu na mkia mwekundu, ametulia kimya. Wakoli alipoinua meza, kasuku akatoa sauti ya Lorraine, ileile iliyokuwa ikicheka kidogo mwishoni mwa maneno.

"Nimekula, mama. Usijali."

Meza ilimponyoka Wakoli ikamwangukia mguuni, na hakuna aliyemwuliza kama ameumia. Mama Lorraine alikaa sakafuni palepale. Alikuwa ameshalia Chwele mpaka sauti ikakauka, lakini sasa aliinua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina.

"Amesema nini?"

Apondi alitazama dirishani. "Ni maneno tu, mama. Hawa ndege wanashika maneno ya watu."

"Mwambie aseme tena."

"Haiambiwi, mama. Inasema ikitaka yenyewe."

"Shemeji," Wakoli alisema akisugua mguu, "hii kitu si ya kuweka. Mtu tumezika, sasa sauti yake inabaki kwa nyumba ikifanya nini? Wacha niipeleke kwa watu wa wanyamapori. Ama nifungue mlango ijiendee."

"Ukimfungulia aende, Wakoli, usiwahi kanyaga kwangu tena."

Basi Wakoli, ambaye huwa ana maneno kwenye kila matanga, siku hiyo aliyameza. Kasuku wa aina hiyo hafugwi bila kibali, kwa hiyo Apondi alimpeleka mama ofisi ya wanyamapori kubadilisha jina kwenye kibali. Njiani alimpa maelekezo yote aliyoyajua. Asimweke penye upepo wala karibu na moshi wa jiko. Usiku amfunike. Asimkazie macho, maana ndege anayekaziwa macho hujiona anawindwa. Avokado asimpe hata kipande, ni sumu kwake. Mama Lorraine, ambaye huko Langas avokado humwangukia juu ya paa kutoka kwa jirani, alishangaa kidogo lakini akakubali.

"Na uongee naye, mama," Apondi aliendelea. "Ongea tu, hata umtukane. Akisikia sauti za nyumba ndiyo atajua ni kwake."

"Na akishika sauti mpya, zile za zamani anazipeleka wapi?"

Apondi alijibu bila kufikiri, kama vijana wanavyojibu. "Zingine anaachanga."

Jibu hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Maelekezo mengine yote Mama Lorraine aliyafuata kama dozi ya daktari, ila hilo la kuongea alilitupa hapohapo barabarani. Ndani ya kichwa cha ndege yule mlikuwa na sauti ya mwanawe, na simu yake mwenyewe ilikuwa kabambe, ile simu duni ya vitufe, haijahifadhi hata neno moja. Aliamua kwamba nyumba itakaa kimya. Hakuna sauti itakayoingia kumsukuma Lorraine nje.

Sasa, Langas na kimya ni paka na maji. Kinu kinasaga tangu alfajiri, fundi wa madirisha anachomelea, makanisa mawili yanashindana kwa vipaza sauti, na watoto wanacheza mpira wa makaratasi kwenye kila ukuta. Mama Lorraine alipigana navyo vyote. Redio aliipeleka kwa jirani. Mlangoni alitundika blanketi zito, dirisha akaliziba kwa godoro kuukuu, na kizimba akakiweka chumba cha ndani ambako mchana ulifanana na jioni. Watoto wakikaribia ukuta alitoka na mwiko. Mteja akimfuata nyumbani alimjibu kwa kidole, na yeye mwenyewe, mwanamke aliyekuwa akiongea hata na sufuria, alifunga mdomo akatembea kwa ncha za vidole katika nyumba yake kama mwizi.

Kila jioni, saa ile aliyokuwa akipiga simu, alivuta kigoda akaketi mbele ya kizimba akingoja. Kasuku alimtazama kwa jicho moja la manjano, kisha akaligeuza ukutani. Hakusema neno. Mbegu za alizeti zilibaki kwenye kikombe, njugu zilibaki, na kipande cha hindi bichi kilikauka mpaka kikawa kigumu. Mama Lorraine naye alikuwa akiishi kwa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Alipika ugali kwa mazoea, akautazama ukipoa, akawapa kuku. Tonge likifika kooni lilikwama, na yeye hakulisukuma.

Ilipofika zamu yake ya jumuiya, mambo yakachacha. Wakatoliki wa mtaa ule wana Jumuiya ya Mtakatifu Ana, na kila Alhamisi rozari husaliwa nyumba moja, kwa zamu, tajiri na maskini. Mwenyekiti ni Mama Jemutai, yule jirani aliyepewa redio, mama wa Kinandi mwenye kifua kipana na sauti ya kuamsha walevi. Alikuja akasimama nje ya lile blanketi, akabisha hodi mpaka kuku wakatawanyika.

"Mama Lorraine! Alhamisi ni kwako. Na tena tunamwombea marehemu."

Mama Lorraine alitoka akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye kamba ya nguo. "Haiwezekani," alinong'ona.

"Kwa nini unaongea kama mtu ameiba?"

"Ni ndege. Atashika rozari."

Mama Jemutai alilifikiria jambo hilo kwa haki, maana ni mtu wa haki. "Na akishika, shida iko wapi? Si tuko na Wakristo hapa hawajaishika mpaka leo?"

"Sitaki ashike kitu ya mtu. Mje mwezi ujao. Ama mwaka ujao."

Kukataa jumuiya si jambo dogo. Watu huahirisha harusi, huahirisha hata kulipia maji, lakini mlango haufungiwi rozari, hasa mlango wa mfiwa. Mama Jemutai aliondoka amevimba, na kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa umesikia alichosema pale kisimani: kwamba wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe, lakini huyu wetu ameeleka ndege. Walicheka. Neno hilo lilimfikia Mama Lorraine sokoni, kwa mdomo wa mwanamke aliyejifanya anamhurumia. Alikusanya mboga zake kabla ya saa sita, akaenda nyumbani, akajifungia na kasuku wake.

Kisha manyoya yakaanza. Mwanzoni alidhani ni kawaida, kama kuku anavyobadilisha. Lakini kila asubuhi alipofunua kizimba alikuta sakafu imejaa manyoya ya kijivu, laini kama vumbi la pamba, na mengine yalikuwa na damu kwenye shina. Kasuku aliyang'oa mwenyewe. Aliinamisha kichwa, akachagua unyoya, akauvuta polepole, akauachia uanguke. Kifua chake kilibaki uchi, chekundu, kama cha kuku aliyetiwa maji moto. Mama Lorraine aliogopa. Alikuwa ameshaona mwili ukiisha hivyo mbele ya macho yake, mara mbili, kwa Wangila na kisha hospitalini kwa Lorraine, na aliijua njia inakoelekea. Akampigia Apondi.

Apondi alikuja jioni ileile na simu yake kubwa. Mama alikuwa amemwomba aje kurekodi sauti, ili hata ndege akifa, kitu kibaki. Walikaa mbele ya kizimba, simu imeegemezwa kwenye kikombe, wanawake wawili wakisubiri kama watu waliotegea samaki. Kasuku aliitazama simu, akajing'oa unyoya. Hatimaye Apondi alinyoosha mkono akaizima.

"Mama, hii ndege anakula kweli?"

"Hali. Nimempa kila kitu."

"Unampa halafu unaenda?"

"Nampa nakaa hapa. Namngoja aseme."

Apondi alizunguka macho chumbani. Aliona godoro dirishani, aliona sufuria ya chai ya rangi, aliona jinsi gauni la mama lilivyokuwa likimning'inia mabegani. "Na wewe, mama? Umekula lini?"

Mama Lorraine alifunika sufuria ya chai. Apondi akaanza kulia. Alilia kama mtu aliyebeba mzigo mzito kwa muda mrefu, akautua bila kujali utavunjika.

"Mama, huyu hali peke yake. Hajazoea. Lorraine alikuwa anamtoa, anamweka kwa meza, wanakula sahani moja. Ile mwisho…" Alijifuta kwa kiganja. "Ile mwisho Lorraine alikuwa anapika, anaweka ugali mezani, anaweka simu kwa spika ndiyo apumzike mkono, mnaongea. Anakuambia amekula. Halafu anakata simu, anampa Karani chakula yote. Tangu Krismasi hakuwa anameza vizuri, mama. Mwisho hata uji ulikuwa unarudi. Alikuwa anajua ni nini. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, mama aliuguza baba mpaka akaisha, sitaki aanze tena mapema."

Nje kinu kilikuwa kimezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu ndege aje, nyumba ile ilipata kimya ilichokuwa ikikitafuta.

"Ulijua," Mama Lorraine alisema.

"Mama…"

"Kuanzia Krismasi ulijua. Mimi nikiuza mrenda hapa, nikicheka na watu, wewe ulijua. Toka kwangu, Apondi."

Apondi alichukua simu yake akatoka. Mama Lorraine alibaki amekaa. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtoto huyu alikuwa ameyaficha kwa ustadi mpaka aliyeumbuliwa ni mama yake. Neno lile alilotaka kulisikia tena kabla ya kufa, neno alilolifungia dirisha na kulifukuzia rozari, lilikuwa uongo. Lorraine alilisema akiwa na njaa. Na kilichomkata maini zaidi ni kwamba yeye, kila alipolisikia, aliweka simu chini akala chakula chake kwa amani, akashiba, akalala. Alilia sasa, kwa sauti, bila kujali nani atajifunza kilio hicho.

Alipomaliza alimwona kasuku amejikunja kwenye kona ya kizimba, uchi, akimtazama. Na hapo hasira ikampanda, hasira ile ya kibandani ambayo mtaa ulikuwa umeisahau.

"Na wewe ulikuwa unakula!" alimfokea. "Ulikuwa unakula chakula ya mtoto wangu, mshenzi wewe, mkia kama ulimi wa nyoka! Ukanenepa, yeye akikauka! Sasa unanifia kwangu? Nani alikupa ruhusa?"

Kasuku aliinua kichwa. Lilikuwa neno la kwanza alilosemeshwa tangu aingie Langas. Akasogea hatua moja kwenye kijiti.

Mama Lorraine aliliona hilo. Akaelewa vizuri kabisa kilicho mbele yake. Angeweza kuendelea kukaa kimya akilinda sauti ndani ya ndege anayekufa, au angeweza kuongea, na kila neno lake lingeifunika ile sauti kidogokidogo, lakini ndege angeishi. Alikuwa na mtoto mmoja aliyekosa chakula bila yeye kujua. Njaa ya huyu alikuwa anaijua. Aliinuka akawasha jiko la makaa, huko nje ili moshi usimfikie, akasonga ugali, akachemsha mrenda kwa magadi, na muda wote alimtukana kasuku kwa sauti kupitia mlangoni, yeye na mama yake na msitu aliotoka.

Alifungua kizimba akakaa chini, sahani mapajani, ubavu kwa ndege ili asimkazie macho. Akamega tonge akaliweka mdomoni. Lilikuwa kama kumeza kokoto. Alilitafuna, akalisukuma, likashuka. Akamega la pili. Alisikia kucha zikikwaruza chuma, zikishuka taratibu, zikisimama, zikishuka tena. Hakugeuka. Kwa pembe ya jicho aliona mdomo mweusi ukifika ukingoni mwa sahani, ukichukua ugali kidogo, ukiugeuzageuza, ukimeza. Basi wakala hivyo wawili, mama akitokwa na machozi kwenye mrenda na kumwambia ndege kwamba leo hakuna chumvi ya kutosha, na kwamba Lorraine alipokuwa mdogo alipenda ukoko, na mambo mengine mengi ya Lorraine ambayo hakuwa ameyasema kwa mtu.

Asubuhi alitoa godoro dirishani. Kisha akaenda kwa Mama Jemutai, akamkuta anakamua ng'ombe wake mmoja.

"Alhamisi mje kwangu."

Mama Jemutai hakuacha kukamua. "Na ndege?"

"Ashike chochote anataka. Nirudishie redio yangu."

"Mama Lorraine," Mama Jemutai alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua, "ile maneno nilisema kisimani. Haikuwa nzuri."

"Haikuwa nzuri. Lakini ilikuwa ya kweli, kwa hivyo mletee huyo ndege maziwa." Baadaye Apondi aliwaambia ndege hawapewi maziwa, na mama hao wawili waliyanywa kwenye chai.

Apondi alipigiwa simu siku ya Jumatano. Mama Lorraine hakuzunguka. "Uliahidi mtu, ukashika ahadi yake. Sijakusamehe yote, nitakudanganya nikisema nimekusamehe. Lakini kesho kuna watu kwangu. Kuja ule." Na Apondi, ambaye si Mkatoliki na hajui hata rozari inaanzia wapi, alikuja, akakaa karibu na kizimba, akashikilia shanga alizoazimwa kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Jumuiya nzima ilibanana katika chumba kile. Waliimba, wakasali, na katikati ya fumbo la tatu kasuku, aliyekuwa amening'inia kwenye nyavu akiwatazama mmoja mmoja, akapiga mluzi mrefu. Watu wakaangua kicheko, Mama Jemutai akakaza uso akaendelea na Salamu Maria, na kasuku akapiga mluzi kila walipofika Amina. Walipogawa chai na mkate, kila aliyemega kipande alimpa na yeye. Alikula kwa mikono ya watu ambao hakuwahi kuwaona. Mama Lorraine alisimama mlangoni akiwatazama, sahani mkononi, akila.

Manyoya yalianza kurudi, kwanza kama miiba midogo, kisha yakafunguka. Sauti nazo zikaja. Kasuku alishika Amina ya Mama Jemutai, akashika kikohozi cha fundi wa madirisha, akashika "Mrenda, mama, mrenda freshi!" mpaka wapita njia wakawa wanasimama kutafuta mboga dirishani. Alipanda mabegani, akakaa juu ya kiti cha Wangila, akamng'ata Wakoli kidole alipokuja kusalimu. Watu walimpenda. Watoto walikuja na mahindi yao kumwuliza habari.

Lakini lile neno moja hakulisema tena. Mama Lorraine aliendelea kulingoja, hata baada ya kujua kwamba ni uongo, hata baada ya kukubali kulipoteza. Jioni, saa ile, alipunguza redio bila kusema kwa nini. Akasikia kikohozi, akasikia Amina, akasikia mrenda. Akaongeza redio tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huu ulikuwa mdogo na wa kila siku, kama jino.

Mwezi wa nane, jioni moja ya mvua, alikuwa amepakua ugali na kukaa. Kasuku alikuwa upande wa pili wa meza, mbele ya sahani. Hakugusa chakula. Aliinamisha kichwa upande mmoja akatoa sauti ya mwanamke mzee mwenye haraka, sauti nyembamba yenye mikwaruzo ndani yake.

"Lorraine! Umekula?"

Mama Lorraine alitazama mlangoni kwanza, akidhani kuna mtu. Sauti ile ilimchukua muda kuitambua, kwa kuwa ni watu wachache wanaoijua sauti yao inavyotoka kwenye simu ya mtu mwingine. Ilikuwa yake. Ndivyo ilivyokuwa ikisikika jikoni West Indies, kila jioni, kupitia spika, juu ya sahani ambayo haikuguswa. Kasuku alikaa na swali hilo akisubiri, jicho la manjano likimwelekea, kama alivyozoea kusubiri mtu wa upande ule ajibu.

Aliweka mikono juu ya meza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, ikabidi apaze sauti.

"Hakula," alisema. "Hakula, Karani. Alikuwa mgonjwa, akanidanganya, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Na amekufa. Lorraine amekufa."

Kasuku alimsikiliza mpaka mwisho. Alipokea tonge alilopewa, akaligeuza mdomoni, akalimeza. Kisha akauliza tena, na Mama Lorraine akamjibu tena.